TUNUNUE WARANTI YA NYONGEZA AU TUJIWEKEE AKIBA?
Somo kwa vikundi vinavyotaka kununua printa ya picha



Safari hii tunataka kujifunza pamoja jambo ambalo huonekana dogo siku ya kununua, lakini baadaye laweza kuleta ugomvi mkubwa katika kikundi. Jambo lenyewe ni hili: mko dukani, mmeshakubaliana bei ya printa ya picha, pesa ziko mkononi. Ndipo muuzaji anasema, "Mkiongeza kidogo tu, nawapa waranti ya miaka mingine miwili." Je, mlipe au msilipe?

Somo hili lisomwe na kikundi chote, si mwenyekiti peke yake. Mtengeeni saa moja na nusu. Anayesoma vizuri awasomee wengine, na baada ya kila sehemu msimame kidogo mzungumze.

1. KWA NINI TUNAZUNGUMZA HABARI HII

Hapa Kangeta, pesa nyingi zinazoingia nyumbani hutoka kwa miraa, na kila mkulima wa Igembe anajua kwamba bei ya miraa haina mwenyewe. Uingereza ilifunga mlango wake Juni 2014. Somalia ikasimamisha miraa yetu Machi 2020, mpaka ikafungua tena Julai 2022. Nyumba ambazo zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingiza pesa ziliumia sana. Ndiyo sababu vikundi vya kina mama na vya vijana vinatafuta kazi ya pili, hata kama ni ndogo.

Printa ya picha ni kazi mojawapo. Zamani mpiga picha wa soko alipiga filamu nzima, akaipeleka mjini kuoshwa, na mteja akangoja. Siku hizi picha inapigwa kwa simu na inatoka kwenye karatasi dakika hiyo hiyo. Wateja wapo: picha ndogo za fomu za shule, za benki na za sacco, picha za harusi, za ubatizo na kipaimara, na picha ya marehemu ambayo familia inaihitaji leo, si wiki ijayo.

Lakini pesa za kununua printa si pesa za bahati. Ni michango ya kila wiki, au ni mkopo ambao wanachama wote wametia sahihi. Mkopo hausubiri printa itengenezwe. Printa ikilala, tarehe ya kulipa inafika vile vile, na hapo ndipo watu huanza kunyoosheana vidole. Kwa hivyo swali la waranti ni swali la namna ya kulinda jasho la watu.

2. TUSICHANGANYE AHADI TATU

Watu wengi husema "iko na waranti" kana kwamba waranti ni kitu kimoja. Kuna ahadi tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ahadi ya kwanza ni ya sheria. Hii hamuilipii. Muuzaji akiuza kitu, sheria inamtaka auze kitu kinachofaa kazi yake. Tutairudia mbele.

Ahadi ya pili ni waranti ya kiwanda. Hii imo ndani ya bei ya printa. Mara nyingi ni ya mwaka 1. Kwa baadhi ya printa za wino, kiwanda huweka pia idadi ya karatasi: mwaka ukiisha au karatasi hizo zikiisha, chochote kitakachotangulia, waranti imekwisha. Mtu wa nyumbani hawezi kumaliza idadi hiyo kwa mwaka, lakini kikundi kinachofanya biashara kinaweza kuimaliza mapema.

Ahadi ya tatu ndiyo waranti ya nyongeza. Hii ni bidhaa nyingine kabisa, inayouzwa kwa bei yake. Anayeiuza anaweza kuwa kiwanda, anaweza kuwa duka, au kampuni nyingine ambayo hamjawahi kuiona. Kazi yake ni kuendeleza ulinzi baada ya waranti ya kiwanda kuisha.

Hapa kuna shimo la kuangalia. Mkiambiwa "waranti ya miaka 3", ulizeni inaanza kuhesabiwa lini. Kama inaanza siku ya kununua, basi mwaka wa kwanza tayari ulikuwa umelindwa na kiwanda. Mmenunua miaka 2 tu, si 3.

3. PRINTA YA PICHA HUHARIBIKA WAPI?

Huwezi kupima ahadi kama hujui kitu chenyewe huvunjika wapi. Printa za picha zinazopatikana kwa vikundi ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni printa ya wino. Ina hedi, yaani sehemu yenye matundu madogo sana inayorusha wino kwenye karatasi. Printa ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino hukauka ndani ya matundu hayo na picha hutoka na mistari. Wino wa bei ya chini usio wa kampuni unaweza kuleta shida hiyo hiyo. Halafu, kila mara mashini inapojisafisha hedi, wino unaotumika huenda kunyonywa na sifongo iliyo chini. Printa nyingi huhesabu wino huo, na hesabu ikifika mwisho mashini hukataa kazi mpaka sifongo ibadilishwe. Huo si ugonjwa, ni uzee wa kawaida, lakini mwenye printa asipojua hudhani mashini imekufa.

Aina ya pili ni printa ya utepe. Hii haina wino wa maji. Ina utepe wenye rangi ya manjano, ya waridi na ya samawati, na joto ndilo linalohamisha rangi kutoka kwa utepe hadi kwenye karatasi, kisha inafunikwa kwa utando mwembamba usio na rangi. Picha inatoka ikiwa kavu. Hakuna wino wa kukauka, kwa hivyo haiudhiki ikikaa bila kazi. Adui yake mkubwa ni vumbi, kwa sababu chembe moja kwenye utepe huacha alama kwenye picha. Utepe na karatasi huuzwa pamoja kwa idadi, kwa mfano picha 36 au 108, na huwezi kuuongeza kama wino.

Aina zote mbili zina rola za mpira zinazovuta karatasi. Vumbi jekundu la kwetu likiingia huko, karatasi inakwama au inaenda upande. Na zote mbili zinaogopa stima inayopanda na kushuka, pamoja na radi wakati wa mvua.

Sasa andikeni ubaoni safu mbili. Safu ya kwanza: "Vitu vinavyoweza kuharibika." Safu ya pili: "Je, waranti inavilipia?" Mtakapoisoma karatasi ya waranti, mara nyingi mtakuta kwamba mambo haya yameachwa nje: uchakavu wa kawaida, uharibifu wa stima au radi, wino usio wa kampuni, vumbi, kuanguka, na mashini iliyofunguliwa na fundi wa nje. Yaani mambo yale yale ambayo sisi huku ndiyo tunayapata! Kinachobaki ni kosa la kiwandani, na kosa la namna hiyo mara nyingi hujionyesha mapema, wakati waranti ya kiwanda bado iko hai.

4. TUFANYE HESABU

Bei tunazoandika hapa ni za mfano. Kila kikundi kiweke zake.

Tuseme printa ni Sh 45,000. Waranti ya kiwanda ni ya mwaka 1. Waranti ya nyongeza ya miaka 2 ni Sh 6,000. Na tuseme fundi akitengeneza tatizo kubwa, spea na kazi yake ni Sh 9,000.

Sasa fikirini vikundi 3 vimenunua printa kama hiyo, na vyote 3 vimelipia waranti ya nyongeza. Jumla wamelipa Sh 18,000. Pesa hizo zinatosha matengenezo 2. Maana yake ni kwamba, ili vikundi hivyo vitoke sawa sawa, printa 2 kati ya 3 lazima ziharibike katika mwaka wa pili au wa tatu, tena ziharibike kwa kosa ambalo waranti inalikubali. Kama ni printa 1 tu itakayoharibika hivyo, vikundi vimelipa Sh 18,000 kwa kazi ya Sh 9,000. Zilizobaki ni za muuzaji.

Hatusemi muuzaji ni mwizi. Ana kodi ya duka na mishahara ya kulipa, na waranti ni biashara kama biashara nyingine. Tunasema tu kwamba yeye amefanya hesabu yake kabla hamjaingia dukani. Nanyi fanyeni yenu.

Njia fupi ya kukumbuka ni hii: chukua bei ya waranti, gawanya kwa bei ya matengenezo. Sh 6,000 kwa Sh 9,000 ni thuluthi mbili. Kisha jiulizeni: je, tunaamini kweli kwamba katika kila printa 3 kama hii, 2 zitaharibika muda huo? Kama jibu ni hapana, waranti hiyo ni ghali. Kama ingekuwa Sh 1,500, jibu lingekuwa printa 1 kati ya 6, na hapo mazungumzo yangekuwa mengine.

5. UMBALI NA SIKU ZILIZOPOTEA

Kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya waranti. Ulizeni: printa ikiharibika, inatengenezewa wapi? Ikiwa ni Maua au Meru mjini, mtu anaipeleka asubuhi na kurudi. Ikiwa ni Nairobi, kuna nauli au gharama ya kuituma kama mzigo kwa matatu, kuna hatari ya kuvunjika njiani, na kuna kungoja. Printa ya wino ikisafirishwa vibaya, wino humwagika ndani, na huo ni uharibifu mwingine ambao waranti haiulipi.

Tena kwa mfano: kikundi kinapata faida ya Sh 400 kwa siku. Printa ikikaa huko siku 18 za kazi, mmepoteza Sh 7,200. Hizo zinazidi bei ya waranti yenyewe. Kwa kawaida waranti hurudisha mashini. Hairudishi mapato ya siku zilizopotea, wala wateja waliohamia kwa mwingine.

Na tatizo ni kwamba waranti inawafunga mikono. Fundi mzuri yuko hapo karibu, angeweza kuimaliza kazi kwa siku 2, lakini akiifungua tu, waranti imekufa. Kwa hivyo mnangoja. Kikundi chenye mfuko wake kinamwita fundi siku hiyo hiyo.

6. MCHEZO MFUPI

Wanachama watatu waigize, wengine wasikilize.

MUUZAJI: Karibuni sana, kina mama. Hii printa mmechagua ni kazi safi. Na mkiongeza elfu sita tu, mnalala usingizi miaka mitatu.

MWEKA HAZINA: Asante, kijana wangu. Hiyo miaka mitatu inaanza lini?

MUUZAJI: Inaanza leo, mama.

MWEKA HAZINA: Na ile ya kiwanda?

MUUZAJI: Ile ni mwaka mmoja. Pia inaanza leo.

KATIBU: Kwa hivyo tunanunua miaka miwili. Hedi ikiziba, mnatengeneza?

MUUZAJI: Hiyo... hiyo inategemea, mama. Fundi lazima aangalie kwanza.

KATIBU: Inategemea nini? Tuonyeshe mahali pameandikwa.

MUUZAJI: Karatasi yenyewe inakuja baada ya kulipa.

MWEKA HAZINA: Basi tupe moja tusome tukiwa nyumbani. Printa tunachukua leo. Hiyo nyingine tutakujulisha tukishaelewana na wenzetu.

MUUZAJI: Lakini hii bei ni ya leo tu, mama.

MWEKA HAZINA: Sisi ni watu ishirini, kijana. Pesa si zangu. Siwezi kulipia karatasi ambayo sijaisoma.

Baada ya mchezo, jadilianeni: Mweka hazina alifanya vizuri wapi? Kwa nini muuzaji alisema bei ni ya leo tu? Je, katika kikundi chetu, mweka hazina anaweza kusimama hivyo, au ataogopa kuonekana mjinga?

7. WENZETU WALIKUTA NINI

Si sisi tu tunaosumbuliwa na jambo hili. Huko Uingereza, ambako waranti za nyongeza za vyombo vya stima zilikuwa zimeuzwa kwa wingi, Tume ya Ushindani ilifanya uchunguzi na kutoa ripoti yake mwaka 2003. Iliona kwamba ushindani haukuwa wa kutosha. Mteja anapewa waranti kaunta, akiwa ameshachoka na ameshaamua kununua, na hana nafasi ya kulinganisha bei na mahali pengine.

Mwaka 2005 ikawekwa amri. Muuzaji wa huko alitakiwa kuonyesha bei ya waranti pamoja na bei ya bidhaa, kumpa mteja maelezo yaliyoandikwa, kumwachia bei hiyo hiyo kwa siku 30 akafikirie nyumbani, na mteja aliyelipa akibadilisha nia ndani ya siku 45, bila kuwa amedai kitu, alirudishiwa pesa zake zote.

Hatuishi chini ya amri hiyo. Lakini tunaweza kuichukua kama kipimo. Kama watu wenye maduka mengi na mahakama karibu walionekana wanahitaji siku 30 za kufikiria, kwa nini sisi tuamue kwa dakika 5? Mwambieni muuzaji: tupe bei kwa maandishi, tutarudi. Akikataa, mmeshapata jibu lenu.

8. SHERIA YETU INASEMAJE

Kenya tuna sheria za kumlinda mnunuzi, na ni vizuri kikundi kizijue kwa majina.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hiyo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani lakini ina nguvu. Kifungu chake cha 16 kinasema, kwa maneno yetu ya kawaida, kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi kitu kinapaswa kufaa kazi hiyo. Pia kitu kilichonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kinapaswa kuwa cha ubora wa kuuzika. Lakini ukiitaja printa kwa jina lake la kampuni tu, "nipe ile," bila kuuliza ushauri, unaweza kupoteza kinga ya kwanza. Na kama umeikagua, huwezi kulalamika baadaye juu ya kosa ambalo ungeliona wakati wa kukagua.

Funzo hapo ni mambo mawili. Kwanza, mwambieni muuzaji wazi, na muiandike kwenye risiti: "Printa ya kuchapisha picha za biashara, karibu karatasi 10 kwa siku." Pili, mkiikagua, kagueni vizuri: mwambieni aiwashe na kutoa picha 2 au 3 mbele yenu.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, iliyoanza kazi Machi 2013. Hii inasema kwamba sharti lolote la mkataba linalojaribu kumnyang'anya mtumiaji dhamana zile za sheria halina nguvu. Wengi mmeona risiti zilizoandikwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Maneno hayo hayafuti haki ya mtumiaji aliyeuziwa kitu kibovu. Lakini kwa kuwa kikundi kinanunua kwa ajili ya biashara, msitegemee sheria peke yake. Pateni ahadi ya muuzaji kwa maandishi.

Mkidhulumiwa, anzeni kwa kuzungumza na muuzaji kwa heshima, mkiwa na risiti. Ikishindikana, mwandikieni barua na mbaki na nakala. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000 na ambayo mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Ulizeni katika mahakama iliyo karibu nanyi mahali pa kupeleka madai hayo.

9. MASWALI 8 YA KUMUULIZA MUUZAJI

Katibu aandike majibu yote.

1. Ni nani anayetoa waranti hii: kiwanda, duka au kampuni nyingine? Duka likifungwa, nitamwendea nani?
2. Inaanza siku gani na inaisha siku gani? Kuna idadi ya karatasi?
3. Inalipia hedi, rola, sifongo ya wino na sehemu ya stima? Pameandikwa wapi?
4. Inalipia mashini inayotumika kwa biashara, au ya nyumbani tu?
5. Fundi yuko wapi, na nani analipa usafiri?
6. Itachukua siku ngapi, na mtanipa mashini nyingine ya kutumia nikingoja?
7. Ikishindikana kutengenezwa, nitapewa mpya, pesa, au nini?
8. Printa hii imeingizwa na wakala wa kiwanda hapa Kenya? Kuna printa zinazoletwa kutoka nchi nyingine ambazo waranti yake ya kiwanda haitambuliwi hapa. Tazameni kama namba ya mashini ni sawa na ile ya kwenye boksi na kwenye kadi.

Swali la 4 lisisahaulike. Kuna waranti ambazo hazitambui kazi ya biashara, na kikundi hulijua hilo siku ya kudai.

10. NJIA NYINGINE: MFUKO WA MATENGENEZO

Badala ya kumpa mtu mwingine Sh 6,000 leo, kikundi kinaweza kuwa waranti yake chenyewe. Kila karatasi ya picha mnayouza, tengeni Sh 2. Karatasi 10 kwa siku, siku 25 za kazi, ni karatasi 250 kwa mwezi. Hiyo ni Sh 500. Kwa mwaka ni Sh 6,000.

Angalieni jambo hili: katika mwaka wa kwanza, mfuko ukiwa bado mdogo, mnalindwa na waranti ya kiwanda. Mwaka wa pili unapoanza, zile Sh 6,000 ziko tayari, na mkiendelea, miaka 3 ikifika mmeweka Sh 18,000. Printa isipoharibika, pesa ni zenu, na ni mwanzo wa kununua nyingine. Waranti isipotumika, hamrudishiwi kitu.

Lakini mfuko huu una adui, na adui ni sisi wenyewe. Mwanachama ana mgonjwa, mwingine ana karo, na mfuko "umelala tu". Kwa hivyo wekeni kanuni: pesa hizi zisichanganywe na za mzunguko, zisikopeshwe, ziwe na watia sahihi wawili, na salio lisomwe katika kila mkutano.

Pamoja na mfuko, itunzeni mashini. Ifunikeni kwa kitambaa safi kila jioni. Izimeni kwa swichi yake mwenyewe, si kwa kung'oa waya, ili hedi irudi mahali pake. Printa ya wino ichapishe angalau karatasi moja ya rangi kila wiki. Msiache wino ushuke chini ya alama. Nunueni kifaa cha kuzuia stima inayoruka, kama kile kinachouzwa kwa ajili ya friji, na radi ikianza chomoeni waya ukutani.

11. NI LINI INAFAA KUNUNUA?

Hatutaki mtoke hapa mkisema waranti ya nyongeza ni mbaya siku zote. Inaweza kufaa:

- kama inataja kwa maandishi hedi na sehemu ya stima, na inakubali kazi ya biashara;
- kama fundi yuko karibu, au mnapewa mashini nyingine ya kutumia mkingoja;
- kama ile hesabu ya kugawanya inatoa jibu dogo;
- kama printa ni ya bei kubwa kiasi kwamba ikiharibika mara moja tu, kikundi hakiwezi kulipa mkopo;
- kama kikundi, kikijisema ukweli, kinajua hakiwezi kuweka akiba bila kuigusa.

Yale mawili ya kwanza yakikosekana, hayo mengine hayasaidii. Ahadi isiyolipia kile kinachovunjika, au inayotimizwa mbali sana, haiwezi kulinda mkopo wenu hata ikiwa ya bei ya chini.

12. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani ana uwezo wa kukubali gharama ya ziada dukani? Je, tumeandika kikomo chake?
2. Risiti na kadi za waranti za vitu vyetu viko wapi sasa hivi? Mtu mmoja aende azilete.
3. Tukipoteza siku 18 za kazi, mkopo wetu utalipwaje?
4. Ni fundi gani wa Kangeta, Maua au Meru tunayemwamini? Tumemuuliza bei ya kubadilisha hedi na sifongo ya printa tunayoitaka?

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wafanye kazi hii: mmoja aende kwa fundi aulize bei hizo, mwingine aende dukani na yale maswali 8. Warudi na majibu yaliyoandikwa. Siku hiyo pigeni kura mkiwa na karatasi zote mbili mezani, na uamuzi mtakaoufikia, wa kulipa au wa kuweka akiba, uingie katika kitabu cha kumbukumbu pamoja na sababu zake, ili printa ikiharibika siku moja, pasiwe na wa kumlaumu mwenzake.